Kabla hujasaini fomu ya kambi

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari Tanzania, ukikaribia, wazazi hunipigia simu kuuliza raba nzuri zinauzwa wapi. Binti atalala wapi akiwa kambini, hilo ni nadra kuulizwa. Nimekuwa matroni wa timu za netiboli za shule kwa muda mrefu, na ningependa tuanzie hapo.

Kocha ndiye anayegawa namba. Mtoto anayeota kuvaa jezi ya mkoa anajua kwamba akimuudhi mtu huyo atasugua benchi, kwa hiyo akishikwashikwa ananyamaza. Utaona tu tumbo linamuuma kila siku ya mazoezi, au ameacha ghafla mchezo anaoupenda. Wavulana nao yanawakuta, ila hao hatuwaulizi kabisa.

Mwenye nia mbaya huanza na wewe mzazi. Atalipa nauli, ataleta viatu, atamrudisha mtoto hadi mlangoni, mpaka useme "yule ni kama baba yake." Timu yetu iliwahi kuwa na msaidizi aliyekuwa akimnunulia mchezaji mmoja tu chipsi mayai baada ya mazoezi, wenzake wakinywa maji ya bomba. Kisha zikaanza meseji za usiku: umefika? umelala? mbona hujibu? Tuliwaita wazazi na mkuu wa shule, msaidizi huyo akaondolewa kabla ya safari. Wapo waliosema tumemwonea. Mimi sikungoja baya zaidi litokee ndipo nipate ushahidi.

Kuwepo kwa mzazi peke yake hakutoshi. Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, aliwadhalilisha mabinti kwa miaka mingi akisema anawatibu, mara nyingine mzazi akiwa chumba hichohicho. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175 baada ya zaidi ya wanawake 150 kutoa maelezo mahakamani. Ndiyo maana kwetu kuchua misuli hufanyika uwanjani, mbele ya wenzake na matroni, na mtoto akisema hataki, basi.

Kwa hiyo muulize kocha: matroni ni nani, na analala jengo gani? Ufunguo wa bweni anakaa nao nani? Meseji za timu zinapita kwenye kundi lenye wazazi, au anamwandikia mtoto moja kwa moja? Kocha wa kweli atakujibu bila kununa. Akifoka kwamba humwamini, wangu haendi, hata kama ndiye mfungaji wao.

Mtoto akikueleza jambo, msikilize bila kumhoji kipolisi, wala usimpigie kocha kwanza. Kama ametendewa ubaya muda si mrefu uliopita, asioge na nguo zisifuliwe. Mpeleke hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako huduma hizo hupatikana pamoja. Watakuja watu na soda wakitaka myamalize kifamilia ili jina la shule lisichafuke. Waache na soda yao.

Namba ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo. Mwandikie kwenye daftari analoenda nalo kambini, maana anaweza kuipiga mwenyewe.