Dar mpaka Konde, Pemba, kwa boti na daladala

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kutoka Dar, apitie Unguja, afike Pemba mpaka kule Konde kwa boti na daladala tu, bila ndege wala gari ya kukodi. Inawezekana, na nauli ya daladala haiumi. Kinachoumiza ni kushushwa bandarini wakati gari ya mwisho imeshaondoka. Kwa hiyo panga safari kinyumenyume: ulizia kwanza gari ya mwisho ya huko unakokwenda kulala, kisha tafuta boti inayoiwahi, ndipo ukate tiketi.

Boti za kasi za Dar zinaondokea pale Sokoine Drive, karibu na Kanisa la Mtakatifu Joseph, na zinachukua takriban saa mbili mpaka Malindi, bandari ya mjini Unguja. Tiketi kata dirishani au mtandaoni. Anayekufuata barabarani akikwambia dirisha limefungwa ana sababu zake. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho, maana ndilo linaloingia kwenye orodha ya abiria. Mgeni abebe pasipoti, kwa sababu Malindi atapita uhamiaji ingawa nchi ni moja, na tangu Oktoba 2024 anatakiwa pia awe na bima ya wageni ya Zanzibar. Muda wa kwenye tiketi ni wa kizungu: 07:00 ni saa moja asubuhi. Kila mwaka kuna watu wanaikosa boti kwa hilo tu.

Usiunganishe Dar na Pemba siku moja kwa tiketi mbili tofauti. Boti ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na za Pemba si nyingi kama za Dar. Lala mjini Unguja.

Sasa bahari, maana hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Ukitoka Malindi kwenda Pemba, mwanzo maji yanaonekana shwari kwa sababu kisiwa chenyewe kimekukinga upande wa mashariki. Ukishapita mnara wa taa wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kinga imekwisha, na mkondo wa Nungwi hauna mzaha. Wahudumu wakianza kupita na vifuko vya kutapikia, jua mmekaribia. Majira ya kusi, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, upepo unatoka kusini: kwenda Pemba mawimbi yanakusukuma kwa nyuma, kurudi unayakabili uso kwa uso. Ndiyo maana mtu anakwambia alikwenda vizuri na kurudi akiwa hoi kwa boti ileile. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, kuna jambo jingine: mkondo wa bahari wa pwani yetu unakwenda kaskazini, upepo unaushukia kwa mbele, na mawimbi yanakuwa mafupi na ya kusimama wima. Wakati mzuri ni katikati ya misimu hiyo miwili.

Kaa sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma. Mbele panapigapiga, juu panayumba. Dawa ya kichefuchefu meza nusu saa mpaka saa nzima kabla boti haijang'oa nanga. Ukishaanza kutapika inatoka nayo. Usipande na tumbo tupu, wala usipande umeshiba pilau. Mkate mkavu na chai ya tangawizi vinatosha. Simu weka mfukoni, tazama mbali.

Chombo kikiwa kimejaa mpaka watu wamekaa juu ya mizigo kwenye njia, shuka, hata kama umeshalipa. MV Spice Islander I ilizama mkondo huohuo Septemba 2011 ikiwa imepakia kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa.

Ukishuka Mkoani, bandari ya Pemba, gari huwa zinaingoja boti. Ya kwenda mji wa Chake Chake (wenyewe wanauita Chake) ni daladala namba 603, safari ya kama kilomita 30. Gari zilizopo zinajaa ndani ya dakika chache na kuondoka, na inayofuata itasubiri mpaka nayo ijae. Kwa hiyo begi lako liwe dogo, ulishike mwenyewe. Ukilikabidhi kwenye chumba cha mizigo, utakuwa bado unalisubiri wakati wenzako wako njiani. Begi kubwa litapanda kwenye keria, na malipo yake mwelewane na utingo kabla hajalifunga kamba. Makuli hali kadhalika, bei kwanza.

Chake unabadilisha: 602 ni ya Konde, 606 ni ya Wete. Gari ya shamba, yaani ya kwenda vijijini, haiondoki kwa saa, inaondoka kwa kujaa. Asubuhi zinajaa haraka, mchana zinazubaa, magharibi zinaadimika. Ijumaa mchana tegemea kusubiri mpaka watu watoke msikitini, na Ramadhani gari zinawahi kwisha kwa sababu kila mtu anakimbilia kufuturu. Boti ikikufikisha alasiri, lala Chake. Konde utakwenda kesho.

Kutoka Konde kwenda msitu wa Ngezi au ufukwe wa Vumawimbi ni bodaboda. Chukua namba ya dereva na mkubaliane saa ya kukufuata, maana huko hupati gari ya kusimamisha.

Kama unataka na visiwa vidogo (Fundo kutoka Wete, Misali kutoka Wesha, au Tumbatu kutoka Mkokotoni ukiwa Unguja), ratiba yake ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50. Yakipwa, chombo kinasimama mbali na unatembea majini. Vaa viatu vinavyobana mguu, kandambili zitabaki matopeni. Simu na pesa vifunge juu ya kiuno. Maji mafu, yaani siku ambazo mwezi ni nusu na maji hayapwi sana, hayana usumbufu huo.

Wakati wa kurudi usibebe karafuu kiholela. Biashara yake iko chini ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mizigo inakaguliwa bandarini, na kusema "ni zawadi tu ya nyumbani" hakutakuokoa ukiwa na gunia. Mifuko ya plastiki nayo iache, huku na bara imepigwa marufuku. Na kama boti yako ni ya asubuhi na mapema, usiku wa kuamkia safari lala Mkoani, au angalau Chake. Kutoka Konde ni gari mbili, na zote mbili zinangoja zijae.