Hipnosisi na kuzungumza na maiti: je, sayansi imethibitisha?

SWALI: Asalaam alaykum Shekhe. Mimi ni mama kutoka Mombasa, naishi Ufaransa na mume wangu. Mwaka jana mwanetu alifariki kwa ajali ya pikipiki. Asubuhi ile tuligombana, nikamwambia maneno makali, na hakurudi tena. Tangu hapo silali. Jirani amenielekeza kwa bwana anayewalaza watu kwa hipnosisi, yaani usingizi unaoletwa kwa maneno, na wakishalala huzungumza na maiti wao. Niliposema huo ni ushirikina, akanijibu ni sayansi: Profesa Charles Richet, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliwaona wafu kwa macho yake. Nimeshatoa pesa za kutangulizia. Naruhusiwa? Na hospitali nao wamenishauri hipnosisi ya kunisaidia kulala. Je, hukumu ni moja?

JIBU: Wa'alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wako, na akutie subira.

Kwa bwana huyo usiende. Dalili za kuharamisha kumwendea kuhani unazijua, ndiyo maana moyo wako ulikataa tangu mwanzo. Kinachonikera ni hilo neno "sayansi". Siku hizi mganga akivaa suti na kutaja Nobel, hata watu wa safu ya mbele msikitini hulegea.

Richet alikuwepo kweli. Alikuwa profesa wa fiziolojia, elimu ya kazi za mwili, huko Paris, na tangu 1875 aliandika juu ya hipnosisi, wakati wenzake wengi waliiona ni utapeli mtupu. Nobel aliipata 1913. Lakini aliipata kwa lipi? Kwa kuonyesha kwamba mwili uliokwisha kuonja sumu fulani unaweza kuangamizwa na dozi ndogo tu ya pili ya sumu ileile. Mbwa, sindano na maabara. Hakuna maiti aliyezungumza. Seremala hodari hawi nahodha kwa sababu meza zake ni imara.

Hao wafu aliwaona wapi? Algiers, mji wa Algeria, mwaka 1905, katika nyumba iitwayo Villa Carmen, ya Jenerali Noël na mkewe. Nyumba ile, dada yangu, ilikuwa ya wafiwa. Mtoto wao Maurice alikuwa amefia Kongo, na msichana aliyedaiwa kuupandisha mzimu, Marthe Béraud, ndiye aliyekuwa mchumba wa marehemu. Katika mwanga hafifu pazia lilifunguka, akatokea mtu mwenye ndevu, kajifunika shuka jeupe na kofia ya kivita kichwani, jina lake Bien Boa, eti Mbarahamani, mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, wa India aliyekufa miaka 300 nyuma. Richet akataka apulize kwa mrija ndani ya chupa ya maji ya barita, ambayo hugeuka meupe yakikutana na hewa atoayo binadamu. Mzimu ukapuliza, maji yakawa kama maziwa. Waliokuwepo wakapiga kelele za "bravo", na maiti wetu akarudi kuwainamia kama mwigizaji jukwaani! Profesa akahesabu huo kuwa ushahidi. Mimi nasema, anayetoa pumzi ya mtu ni mtu.

Baadaye mwendesha gari la farasi wa nyumba ile alijitokeza akasema yeye ndiye aliyecheza mzimu. Richet alimkanusha, na sina haja ya kuwaamulia. Marthe alihamia Ufaransa akajulikana kama Eva C., na katika picha moja ya "maajabu" yake zikaonekana herufi za jina la gazeti, Le Miroir, dalili kwamba kilichoonyeshwa kilikatwa gazetini. Mwaka 1922 wanasayansi wa Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, walimchunguza kikao baada ya kikao, hawakupata kitu.

Jirani yako amekuficha jambo moja zaidi, au hajui. Richet mwenyewe hakukubali kwamba hizo ni roho za wafu. Aliamini ni nguvu iliyojificha ndani ya mtu aliye hai. Basi shahidi wanayemleta ameshawakana.

Sisi tunayo Suratuz-Zumar, aya ya 42: Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa, na zisizokufa huzichukua usingizini, aliyoihukumia mauti huizuia, na nyingine huirudisha mpaka muda maalumu. Huizuia! Ni nani huyo mjini kwenu wa kuifungulia kwa kiti cha kulalia na sauti ya upole? Utakachosikia huko ama ni jini mwenye kucheza na wewe, ama ni moyo wako mwenyewe. Bernheim, daktari wa mji wa Nancy, Ufaransa, alionyesha katika karne ya 19 kwamba aliyelazwa hivyo anaweza kupandikizwa kumbukumbu ya jambo lisilotokea, akaamka akiapa kuwa aliliona. Unataka neno la mwisho la mwanao liwe limetungwa na mtu uliyemlipa?

Hipnosisi ya hospitali ni jambo lingine. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudia imeiweka hipnosisi katika ukahini kwa kumtumia jini, na nawaheshimu wanachuoni hao. Ninavyoona mimi, hukumu hiyo inamhusu anayetaka msaada wa viumbe au anayedai kujua ya ghaibu. Daktari anayekutuliza kwa maneno, bila kuita chochote, anatibu. Nenda, awepo mumeo au muuguzi wa kike, na mwambie daktari mapema kwamba hutaki kupelekwa kwa marehemu.

Sasa ugomvi wa asubuhi ile. Mama anayemkaripia mwanawe kuhusu pikipiki au masomo hajamlaani. Kama ulivuka mpaka, omba maghufira kwa Mola wako, na umwombee yeye katika kila sijida. Mtolee sadaka, hata ya maji. Hayo humfikia bila mtu wa kati. Ukimwota bila kutafuta, mshukuru Mungu na usimwendee mtu akufasirie kwa malipo. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim machozi yakamtiririka, basi nawe lia.

Na mumeo? Naye amefiwa mtoto, lakini barua yako haisemi yeye analala vipi. Mweleze maneno uliyomwambia kijana, usiyabebe peke yako. Huenda naye ana yake.

Pesa za kutangulizia zidai. Akikataa kuzirudisha, ziache. Kuzikosa hakukulazimishi kwenda.

Wallahu a'lam.