Kumvusha mtu anayetaka kujiua

Mtu anayewaza kujiua mara nyingi hataki kufa kama anavyotaka maumivu yaishe. Ndani yake kuna upande uliochoka na upande ambao bado unataka kuishi, na pande hizo mbili zinavutana. Deni, ndoa iliyovunjika, aibu, ugonjwa usioisha au sonona hulimbikizana; usingizi unapotea, pombe inaongezeka, na akili inabanwa hadi haioni njia nyingine. Lakini kilele cha hali hiyo kwa kawaida ni cha dakika au saa chache, kisha hushuka. Kazi yako ni kumvusha hapo.

Mkae faragha, umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Usiseme "Huwezi kufanya ujinga huo, sivyo?" maana hapo umeshampa jibu unalotaka kulisikia. Swali la wazi halimtii wazo kichwani; wengi hushusha pumzi wakiulizwa. Akikubali, uliza kama ana mpango, na ni wa lini. Mwenye mpango wa leo haachwi peke yake hata kidogo: mpeleke hospitali, au mwite mtu wa kukaa naye mnapotafuta usafiri.

Msikilize bila kuhubiri. "Wafikirie watoto wako" humwongezea hatia mtu anayejiona tayari ni mzigo kwao.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kuondoa vitu vya hatari nyumbani, hasa dawa za shambani na vidonge vilivyobaki. Vipelekwe kwa jirani mnayemwamini. Kuvificha juu ya kabati hakutoshi. Utasikia kwamba atatafuta njia nyingine. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali, kimoja baada ya kingine, kiwango cha kujiua kilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 tangu katikati ya miaka ya 1990. Wengi wakivuka saa ile, wanabaki hai.

Hofu ya polisi huzifanya familia zifiche. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Akiruhusiwa kutoka hospitali, msilegeze. Wiki za kwanza ndizo za hatari zaidi: mpigieni simu kila siku, na mmoja wenu amsindikize kliniki siku ya kurudi. Kama ni wewe unayepitia haya, mwambie mtu mmoja leo hii. Ukiwa Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.