Simu inanisikiliza au nini?

Wiki hii maswali yenu karibu yote yamekuja upande wa matangazo ya mitandaoni, nimechagua manne, yale marefu nimeyakata kidogo msininunie.

SWALI: Kaka habari za kazi. Juzi nilikaa na dada yangu tukawa tunaongea mambo ya cherehani, anataka kuanza kushona. Mimi na kushona wapi na wapi, sijawahi kutafuta cherehani, sijaandika popote. Kesho yake nafungua Instagram, cherehani. Nashuka chini, cherehani nyingine. Sasa hii simu si inatusikiliza kabisa jamani? Siku hizi tukiwa na maongezi ya maana naiacha chumbani. *Mwenye wasiwasi*

JIBU: Pole, na hauko peke yako, hili swali mpaka mama yangu mzazi ameshaniuliza. Kwanza tuondoe hofu ya maiki. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Marekani walichunguza apu zaidi ya 17,000 za Android waone kama kuna inayorekodi sauti kimyakimya na kuituma, hawakuipata hata moja. Walichokikuta ni baadhi ya apu kurekodi skrini na kutuma kwa kampuni nyingine bila mtu kuambiwa, ambayo nayo si habari njema, ila maiki hapana. Alafu hebu fikiria, sauti za maongezi yako ya kutwa nzima zitumwe kila siku, bando lingeisha haraka na wewe ungejua tu.

Swali langu mimi ni hili, dada yako alifanya nini mlipomaliza kuongea? Nadhani alichukua simu yake, akatafuta cherehani, akafungua duka la kwanza akaangalia bei, akarudi akafungua la pili. Sasa maduka mengi ya mtandaoni yana kitu kinaitwa pikseli. Ni kipande cha msimbo wa kompyuta (code) ambacho mwenye duka anapewa na Facebook au TikTok anakibandika kwenye tovuti yake, na jina limetokana na kwamba zamani kilikuwa ni picha ya nukta moja tu, huioni kwa macho, lakini ukurasa ukifunguka ile picha inaitwa kutoka kwenye kompyuta za kampuni, na kule kuitwa tu ndo taarifa yenyewe: simu hii, saa hii, imeangalia bidhaa hii, imeiweka kwenye kikapu, imeondoka bila kulipa. Hujalaiki kitu, hujaacha jina, umeshaandikwa.

Wewe unaingiaje hapo? Mko waifai moja, mtandaoni ni marafiki, pengine umri mmoja, mtaa mmoja. Kampuni za matangazo zina njia za kukisia nani anakaa na nani, mojawapo ni ile anwani ya intaneti ambayo nyumba nzima mnaitumia. Na usisahau kuna matangazo kibao umeyapita wiki hiyo hiyo bila hata kuyatazama, hili likakunasa kwa sababu cherehani ilikuwa bado iko kichwani. Kwa hiyo simu itoe tu huko chumbani. Kama kuna aliyekutaja basi ni dada yako, na wala hana habari.

SWALI: Shikamoo kaka. Nauza nguo za watoto mtandaoni, nina namba za wateja kama mia sita kwenye simu. Kijana anayenisaidia matangazo anasema nimpe zote azipandishe Facebook ili tangazo liwafuate wao na watu wanaofanana nao. Anasema hakuna shida, namba "zinafichwa". Pia huwa naposti skrinshoti za wateja wakinishukuru, na picha za watoto waliovaa nguo zangu. Nakosea? *Mama mjasiriamali*

JIBU: Marahaba. Kijana wako hajadanganya, ila kasema nusu. Namba kabla ya kutumwa inasagwa kihesabu inakuwa mstari wa herufi na tarakimu 64, ukiutazama huoni namba yoyote. Lakini namba ileile ikisagwa mara elfu inatoa mstari uleule, na Facebook nao namba za watu wao wanazo wamezisaga vilevile, kwa hiyo wanaweka mistari sambamba, inayolingana huyo ndo yeye. Imefichwa kwa mpita njia, si kwa Facebook. Na hapo wameshajifunza kitu kipya, kwamba fulani ni mteja wa nguo za watoto, maana yake kuna mtoto mahali. Labda mwenyewe hajawahi kuposti hata picha moja ya huyo mtoto! Unaona sasa mambo ya cherehani yanavyotokea, msomaji aliyepita analalamikia simu wakati kazi nyingine wanaifanya watu wema kama wewe.

Sisemi usitangaze, biashara lazima itangazwe. Lakini masharti ya Facebook yenyewe yanataka uwe na haki ya kuzitumia hizo namba, na mtu aliyekupa namba ili umletee mzigo hajakupa ruhusa ya hayo mengine. Muulize. Mesej moja tu, "tukiwa na ofa tukutafute kwa namba hii, na tuitumie kwenye matangazo?" Atakayekaa kimya muache. Ukiwa na wateja Ulaya ndo kabisa, sheria yao ya data iliyoanza kutumika Mei 2018 faini yake inafika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka, kipi kikubwa.

Skrinshoti sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, samahani. Facebook wenyewe walishawahi kufanya kosa la aina hii, Novemba 2007 walianzisha kitu kinaitwa Beacon, ukinunua kitu kwenye tovuti nyingine marafiki zako wanatangaziwa umenunua nini. Watu waliwaka, kesi ikafunguliwa, mwaka 2009 kikafungwa. Wewe Beacon unaifanya kwa mkono. Mteja kakuandikia "asante dada, mtoto kapendeza, sasa hivi ndo nimetoka hospitali naye", wewe unaona sifa za duka, wengine wanasoma habari za hospitali. Na kufuta jina kuna namna yake, ile kalamu ya rangi ya kwenye simu mara nyingi inapitisha mwanga, mtu akiongeza mwangaza wa picha anasoma jina na namba vizuri kabisa, nimejaribu mwenyewe kwenye posti ya duka moja na ilinichukua kama sekunde kumi. Kata ile sehemu kabisa au weka boksi jeusi lisilopitisha kitu. Picha ndogo ya profaili nayo ikatwe, watu wengi wanaisahau. Picha za watoto bila mzazi kukubali kwa maandishi, hapana. Piga picha nguo imetundikwa, inauza tu.

SWALI: Duka moja wameweka kwizi "wewe ni mtindo gani wa mavazi", unaingia kwa akaunti yako ya Facebook unapewa zawadi. Kuna ubaya? *Mpenda kwizi*

JIBU: Ubaya si kwizi, ni ule mlango wa kuingilia. Kile kisa cha Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, kilicholipuka 2018 kilianza na kwizi ya tabia tu, watu kama 270,000 ndo walioiweka, lakini enzi hizo apu iliruhusiwa kuchota na taarifa za marafiki, Facebook wenyewe wakakiri huenda watu mpaka milioni 87 waliguswa. Mwaka 2019 wakapigwa faini ya dola bilioni 5 na serikali ya Marekani. Ule mlango wa marafiki ulishafungwa, ila wako wewe bado unaufungua mwenyewe. Kama kwizi haiwezi kuchezwa bila akaunti, basi wanachotaka ni akaunti.

SWALI: Nikizima ufuatiliaji matangazo yataisha? *Nimechoka*

JIBU: Hayaishi. Mwaka 2023 Meta, kampuni mama ya Facebook na Instagram, waliingiza karibu dola bilioni 135, na kama bilioni 132 zilitoka kwenye matangazo, hapo nani atakuachia? Kinachobadilika ni kwamba yanakuwa hayakufahamu vizuri, utaonyeshwa matairi wakati huna gari. Lakini kuzima si kazi bure, Apple walipoanza Aprili 2021 kuwauliza watu kama wanakubali kufuatiliwa, wengi walikataa, na Meta wakasema mwaka 2022 peke yake itawagharimu kama dola bilioni 10. Kwenye Facebook nenda mipangilio, tafuta sehemu ya shughuli zako nje ya Meta, utakuta orodha ya maduka na apu zilizokuripoti, kaa chini kabla hujaisoma. Futa, alafu kuna sehemu ya kuzitenga za mbele, itenge. TikTok na Google wana za kwao, huko unaanza upya.