Umepata wafadhili wadogo wa ng'ambo? Waambie mapema unachotaka

Mashirika makubwa ya misaada yana ofisi zao Nairobi, na kikundi cha akina mama wa Likoni, hapa Mombasa, hakiwezi kuwafikia kirahisi. Lakini yapo yale madogo: wastaafu wachache wa mji mmoja wa Uingereza wanaouza keki, wanaokimbia mbio za hisani, kisha kinachopatikana wanakileta huku Pwani pamoja na kijana mmoja au wawili wa kujitolea. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kilichofanya kazi na watu wa namna hiyo kwa miaka. Nikipigiwa simu na wenzangu wa Kisauni au Mikindani, swali huwa lile lile: "Mama, wazungu tumewapata, sasa tuwaambie nini?"

Waambieni ukweli, tena mapema. Wengi wetu tunaogopa kumkatalia mfadhili, tunapokea kila anacholeta tukidhani tukisema hapana ataondoka. Uzoefu wangu ni kinyume chake. Shirika dogo halina wataalamu wa kuwaeleza mambo ya Mombasa, linakutegemea wewe. Ukinyamaza, wanakisia.

Kwanza wachunguze, na wala si utovu wa adabu. Shirika la England au Wales likiingiza zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka, kwa kawaida ni lazima lisajiliwe na Charity Commission, mamlaka ya kwao inayosimamia mashirika ya hisani, na daftari lake liko wazi kwenye intaneti: unaandika jina, unaona wadhamini ni nani na mapato ni kiasi gani. Nanyi muwe na cheti cha kikundi kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, na akaunti ya benki yenye saini zaidi ya moja. Pesa za watu zisipitie M-Pesa ya mwenyekiti, hata awe mcha Mungu vipi.

Sasa hawa vijana wa kujitolea. Kwao likizo ndefu ni Julai na Agosti. Agosti shule zetu zimefungwa! Basi anakuja mwalimu wa Kiingereza, hana wa kumfundisha, anapewa brashi apake ukuta rangi, huku fundi rangi wa mtaa amekaa barazani akimtazama. Kalenda ya muhula ikitoka, watumieni siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe za Ramadhani, kabla hawajakata tiketi. Na semeni ni ujuzi gani mnaoukosa. Mgeni aliyetufaa kuliko wote alikuwa mhasibu mstaafu. Alikaa nami na leja, akawafundisha wasichana wetu kuweka hesabu kwenye kompyuta, na sikumbuki kumwona akipiga picha hata moja.

Kuna la kibali pia. Tangu Januari 2024 mgeni huingia kwa eTA, idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, na ile ya utalii haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Kazi bila malipo nayo ni kazi. Maombi ya Uhamiaji yaanze mapema, na ayafuatilie mtu anayejua mlango wa kuingilia.

Penye watoto, kuwa mkali. Wafadhili wengine bado wana ndoto ya kujenga nyumba ya mayatima ufukweni. Serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 unataka watoto warudishwe kwenye familia katika muda wa miaka kumi. Pesa hiyo hiyo mpe bibi anayelea wajukuu wanne Mtongwe: karo, unga, kodi ya chumba. Anayekuja kufanya kazi na watoto alete cheti cha polisi cha kwao. Uingereza kuna cheti cha kimataifa maalumu kwa ajili hiyo. Picha za watoto ni kwa idhini ya mzazi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto wa Likoni pia.

Halafu kisima. Ng'ambo wanakipenda mno kisima, kinapendeza kwenye picha, maji yakiruka na watoto wakicheka. Lakini kisiwa chetu na kingo zake ni mawe ya matumbawe. Karibu na bahari, kadiri unavyovuta maji ndivyo chumvi inavyopanda, na pampu inaliwa na kutu. Na matumbawe yana mianya: vyoo vya shimo vya majirani vikiwa karibu, uchafu wao hufika kisimani. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, kwenye vyanzo vya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na siku mfereji ukikauka tunarudi kwa mitungi ya mkokoteni. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, sampuli ipimwe chumvi na vijidudu. Sisi tuliwaomba waache kuchimba, watununulie matangi na mifereji ya paani tukinge maji ya masika. Katibu wao alisikitika kidogo, nadhani alishachora kisima kwenye bango lake, lakini alikubali. Na popote penye pampu, bajeti iwe na fungu la vipuri na fundi. Bila hilo ni chuma tu.

Vitu vya kontena, kataeni kwa upole. Siku za bure za bandari ya Kilindini zikipita, ada ya kuhifadhi mzigo inahesabiwa kila siku, na vitanda chakavu vya hospitali vinaweza kuwagharimu kuliko vipya. Nguo? Soko la mitumba la Kongowea liko palepale. Dawa nazo zinahitaji idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na mwongozo wa WHO unataka zibakize angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika nchini.

Bajeti iandikwe kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na baada ya miezi michache ikawa karibu 130. Waliokuwa wameahidiwa dola walijikuta na pengo la shilingi ambazo hakuna aliyeziiba.

Jambo ambalo watu hawapendi kulisikia ni kwamba shirika dogo ni watu wawili watatu. Mmoja akiugua, pesa zinasimama. Kwa hiyo mshahara wa mwalimu wa chekechea wetu hautoki wote kwao: wazazi wanachanga sehemu, kikundi chetu kinaongeza, wafadhili wanajaza. Tuna karatasi moja tu ya makubaliano, kwa Kiswahili na Kiingereza, inayosema wakitaka kuacha watupe notisi ya miezi sita, nasi tukikwama tuwaarifu ndani ya wiki. Huwa tunaisoma upya kila Januari, kwenye simu ya video, na mtandao ukikatika tunapiga tena.