Maswali ya Wasomaji: Kuvuka Kilomita 14

SWALI: Kwa muda mrefu nimekuwa nikikimbia kilomita 10 bila taabu, na sasa natamani kushiriki nusu marathoni. Hata hivyo, kila nikikaribia kilomita 14 miguu huniwia mizito na moyo huniambia nirudi. Je, nijilazimishe, au huo ndio mwisho wa uwezo wangu?

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, yaelekea kilichofika mwisho ni kasi uliyoanza nayo, wala si uwezo wako. Aliyezoea kilomita 10 huanza mbio ndefu kwa mwendo uleule, na mwendo huo huichosha misuli mapema na kuila upesi akiba yake ya wanga, ilhali mwendo wa polepole huuachia mwili nafasi ya kutumia mafuta zaidi. Punguza kasi hadi uweze kutamka sentensi nzima bila kuhema. Wengi huona haya kukimbia hivyo, hasa wanapopitwa na watu, lakini kwa maoni yangu ujasiri wa mbio ndefu unahitajika hapo hasa, katika kukubali kupitwa.

Mbio ndefu zifanye mara moja kwa wiki, ukiongeza kilomita moja au mbili, kisha kila baada ya wiki tatu hivi upunguze umbali ili mwili upumzike. Moyo na mapafu huzoea mapema, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi, na ndiyo maana mkimbiaji hujiona ana pumzi ya kwenda mbali wakati ugoko wake bado haujawa tayari. Ukifika kilomita 18 au 19 mazoezini bila kuumia, hizo 21.1 za siku ya mashindano utazimudu.

Kuhusu kujilazimisha, tofautisha uchovu na maumivu. Uzito ulioenea katika miguu yote miwili ni uchovu, nao waweza kuendelea nao kwa mwendo wa taratibu. Maumivu yaliyo mahali pamoja, unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi kila unapokanyaga au yanayokufanya uchechemee, yanakutaka usimame siku hiyohiyo, kwani huenda mfupa umeanza kupata ufa. Maumivu ya kifua au kizunguzungu hayana mjadala: acha kukimbia na umwone daktari.

Ama huo moyo unaokuambia urudi, usibishane nao, uzibie njia. Chagua njia ya kwenda na kurudi, isiyo na mkato, ili ukishafika kilomita ya 8 huna budi kukamilisha 16. Tena usione vibaya kutafuta mwenzi wa kukushikia kasi. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019, alizungukwa na wakimbiaji waliopokezana kumwongoza tangu mwanzo.

SWALI: Nikimbiapo zaidi ya saa moja, ninywe na kula nini?

JIBU: Kwa saa moja maji hutosha. Mbio zikizidi saa moja na nusu, tumia kati ya gramu 30 na 60 za wanga kwa kila saa, kwa kinywaji chenye sukari au chakula laini, ukianza kabla hujahisi kuishiwa nguvu. Lijaribu jambo hili mazoezini kwanza, kwa kuwa tumbo nalo hufundishwa, na siku ya mashindano si siku ya kulilisha kitu kigeni. Maji nayo unywe kwa kadiri ya kiu. Anayejimiminia maji kupita kiasi kwa saa nyingi hupunguza chumvi katika damu, hali inayoweza kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata kifo.