Msitu ni wa kijiji, hesabu iko kwa nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiji chetu kilitenga msitu wa hifadhi, nasi tukaacha kulima na kuchoma mkaa ndani yake. Sasa malori yanatoka na magogo ya mpingo, lakini sisi kina mama tunafukuzwa hata tukiokota kuni kavu, na habari za mapato tunazisikia njiani. Je, msitu huu bado ni wetu?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Ndugu msomaji, msitu ni wenu, wala si kwa hisani ya mtu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu katika ardhi yake, kuusimamia na kubaki na mrabaha, yaani malipo yanayotozwa kwa kuvuna mazao yake. Kamati ya maliasili inafanya kazi chini ya halmashauri ya kijiji, ambayo nayo hutoa hesabu mbele ya mkutano mkuu, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu kuni, ombeni msomewe mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kwa kuwa mlinzi hawezi kukataza kisichokatazwa humo. Ikiwa zimekatazwa kweli, pendekezeni marekebisho mkutanoni, kisha yapelekwe wilayani kuidhinishwa.

Kuhusu mapato, msiende na manung'uniko matupu. Mti uliovunwa kihalali hupigwa nyundo yenye muhuri, na alama yake hubaki kwenye kisiki. Ombeni wanakijiji wachache wafuatane na walinzi wa doria, wahesabu visiki, kisha mtake leseni na stakabadhi za malipo ziwekwe mezani. Visiki vikiwa arobaini na stakabadhi zikaonyesha miti ishirini na mitano, yupo wa kueleza ile kumi na mitano. Daftari linaweza kupotea, kisiki hakihami.

Viongozi wenu wakumbuke yaliyotokea Duru-Haitemba, wilayani Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipokusudia kuufanya msitu ule kuwa hifadhi yake, watu waliuvamia kwa shoka, wakiona umekwishawatoka. Ulipoachwa mikononi mwa vijiji, wao wenyewe ndio waliotoa walinzi. Mama anayenyang'anywa tita la kuni leo hatapiga kelele kesho akisikia msumeno usiku.

Mkutano usipoitishwa, mwandikieni mtendaji wa kijiji, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.